Nilimchukua mtoto wangu Ijumaa nikadhani nimeshinda

Hizi stori za mtoto kuchukuliwa na mzazi mmoja, mara nyingi anayesimulia ni yule aliyeachwa. Mimi ni yule mwingine. Mimi ndiye nilimchukua. Sitajitetea sana, najua kuna mama atasoma hapa atamani kunizaba kofi na haki anayo, lakini nimeona afadhali niseme venye ilikuwa juu wanaume tukikaa kwa kinyozi hii mambo tunaongea kama ushujaa, ati "mimi nilienda nikachukua damu yangu", na hakuna mtu hufika ile sehemu ya wiki ya tatu.

Mtoto nitamuita Boi, ndilo jina la nyumbani. Wakati huo alikuwa na miaka minane, gredi ya tatu. Mamake nitamuita Mama Boi. Harusi hatukuwahi kufanya, tulikuwa tunakaa tu pamoja pale Umoja, Nairobi, karibu miaka saba, na katikati ya 2022 tukaachana. Sababu ni zetu, hazisaidii mtu hapa. Tulikubaliana kwa mdomo, bila karatasi bila shahidi, kwamba Boi anabaki na mama, mimi namuona kila Jumamosi na natuma elfu sita kila mwezi na nusu ya fees. Na ilienda poa miezi kadhaa, kusema ukweli.

Mimi ni fundi wa simu, nina kimeza Luthuli Avenue, katikati ya mji. Novemba biashara ikaanguka, mwezi mmoja sikutuma, wa pili nikatuma elfu mbili. Hapo ndio Jumamosi zikaanza kuwa na visababu. Boi ni mgonjwa. Boi ameenda kwa shangazi. Boi ana mtihani, na ilikuwa likizo ya Disemba. Alafu Jumamosi moja ya Januari nikaenda na viatu vipya vya shule nimebeba kwa karatasi, keateka akaniambia, "Kwani hukuambiwa? Walihama Jumatano." Nikapiga simu nikapata nimeblokiwa. Nilisimama pale kwa geti na hivyo viatu mpaka watoto wa ploti wakaanza kunicheka.

Nataka muelewe hiyo sehemu kwa sababu hasira yangu haikutoka hewani. Mtu akikuambia baba anayechukua mtoto ni shetani tu, hajui venye geti inakaa ukiwa upande wa nje. Lakini pia hasira ikiwa na sababu ndio huwa hatari, unaibeba ukijiona uko sawa kabisa.

Kijana wa meza ya pili akanionyesha Katiba kwa simu, kifungu cha 53. Kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na wajibu wa baba na mama uko sawa wawe wameoana au hawajaoana. Hiyo niliisoma mara kumi. Hapo hapo chini kuna sehemu ya pili inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, hiyo nikapita nayo mbio kama matatu imeona askari wa trafiki. Nikajiambia basi, sisi ni sawa, yeye amekaa naye miezi, sasa ni zamu yangu.

Ijumaa ya tarehe 3 Februari 2023 nikaenda shuleni. Mama Boi alikuwa amehamia Utawala lakini mtoto hakuwa amembadilisha shule bado. Nilifika kama saa sita nikasema nyanyake Boi amelazwa, tunasafiri. Mwalimu akauliza, "Mama anajua?" Nikasema ndio. Jina langu lilikuwa kwa fomu ya kujiunga na shule, kopi ya kitambulisho changu iko kwa faili, nikapewa daftari nikaweka sahihi. Soja wa geti akanisalimia kwa furaha, "Baba Boi umepotea sana!" akatufungulia. Dakika nne hivi. Ukienda River Road kuchukua parseli ya mtu wanakuitisha kitambulisho na ile namba ya siri ilitumwa kwa simu, na ukikosea namba moja unarudishwa nyuma ya laini. Mtoto nilipewa kwa sahihi.

Jioni tukapanda bas ya Busia pale Machakos Country Bus. Boi alikuwa na yunifomu, sweta yake ya maruni, na begi. Alifurahi mwanzoni, bas ya usiku kwa mtoto ni sherehe. Tukipita Naivasha akatoa kitabu cha hadithi kwa begi akaniambia, "Dadi, hii ni ya laibrari. Natakiwa kuirudisha Mandei. Ukichelewa unalipa shilingi kumi kila siku." Nikamwambia usijali. Akauliza, "Kwani tunarudi lini?" Nikamwambia lala.

Nilimtumia Mama Boi mesiji moja tu, "Boi yuko na mimi, yuko salama", alafu nikatoa laini.

Nyumbani ni ndani kidogo kutoka Bumala, unashuka unachukua boda. Mama yangu, sisi tunamuita Kukhu, nilimwambia Mama Boi amepata kazi Saudi ameenda haraka. Boi nikamwambia mama amesafiri kidogo. Akaniangalia akasema, "Mbona asubuhi hakuniambia?" Sikuwa na jibu. Watoto wa miaka minane tunawachukulia kama hawajui kuhesabu.

Na hapa ndio aibu yangu kubwa iko, kuliko hata ile ya shule. Jumapili usiku nikarudi Nairobi. Kazi ilikuwa inaningoja. Yaani nilipigania mtoto, nikamtoa kwa mamake na shule yake na marafiki wake, alafu nikamwachia mama yangu wa miaka sitini na nane mimi nikarudi kwa kimeza. Kwa hizo wiki zote nilienda kumuona mara mbili. Sikuwa nataka kukaa na Boi. Nilikuwa nataka Mama Boi naye asimame kwa geti. Hiyo ilinichukua mwaka mzima kuisema kwa sauti.

Jumanne yeye akaja Luthuli. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nilifikiri atakuja na ndugu zake wanivunjie vioo. Alikuja peke yake. Akasimama mbele ya meza, wateja wako hapo, akaniuliza kitu kimoja tu, "Anakula?" Na mimi, juu nilikuwa na watu wananiangalia, nikamjibu, "Uliza loya wako." Akaondoka. Kuna mteja alikuwa anangoja skrini, mama wa makamo, akachukua simu yake bila kutengenezwa akaenda.

Sasa wacha niseme upande wa sheria venye nilikuja kuujua, mwingine kwa korti mwingine kwa Mama Boi mwenyewe baadaye, juu siku hizi tunaongea.

Yeye aliripoti polisi ile Ijumaa usiku. Kuna watu humwambia mzazi angoje masaa ishirini na nne kwanza, usingoje, nenda. Alipewa namba ya OB, kile kitabu polisi huandika ripoti, na askari mmoja akanitafuta kwa laini yangu ya pili akaniambia, "Mzee, rudisha mtoto mkamalizane huko nyumbani." Basi. Ikaishia hapo. Mama Boi alidhani nimewahonga. Sikuhonga mtu. Shida iko kwa sheria yenyewe: kwa Penal Code yetu kuiba mtoto wa chini ya miaka kumi na minne ni kosa kubwa, kifungo kinaweza kufika miaka saba, lakini hapo hapo kuna mlango umeachwa wazi, kwamba mtu akidai kwa nia njema kwamba ana haki ya kuwa na huyo mtoto, hiyo ni utetezi, na kama mtoto amezaliwa nje ya ndoa, hata kusema tu wewe ni baba inatosha. Ni kama walioiandika walikuwa wanamfikiria mtu baki na gunia, si baba na begi ya shule. Ndio maana askari akisikia "ni babake" anafunga kitabu.

Lakini huo mlango unafunguka tu kama hakuna oda ya korti. Oda ikishatoka na ukakataa kuitii, hiyo ni kudharau korti na hapo ubaba haukusaidii, unaweza kulala ndani. Kwa hivyo yule mzazi ameachwa, kila siku anayokaa akibembeleza na kutuma wazee bila kwenda kortini ni siku anampa yule mwingine bure. Mama Boi hakuelewa hivyo mara moja, alipoteza wiki tatu. Alienda kwa chifu, akaenda kwa pasta, akaenda ofisi ya watoto ya sabkaunti, na huko ofisa akaniandikia barua ya kuniita ambayo niliipiga picha nikaiweka kwa meza chini ya betri mbovu. Kuna siku usiku alipiga 116, ile laini ya watoto, haina malipo, na anasema ndio mahali pa kwanza mtu alimsikiliza bila kumuuliza alimkosea nini bwanake. Mwishowe wanawake wa chama chake wakampeleka kwa FIDA, chama cha mawakili wanawake, na hao hawakuwa na maneno mengi.

Waliingia mahakama ya watoto pale Milimani kwa cheti cha dharura, yaani kesi isikizwe haraka. Oda ikatoka bila mimi kusikizwa, na ndivyo inafanyika kama korti inaona nikipewa notisi nitahamisha mtoto. Ilikuwa inasema nimlete Boi kortini tarehe 16 Machi, nisimtoe nje ya Kenya, na OCS, mkubwa wa kituo cha polisi, asaidie kama nitakataa. Kopi ikapelekwa uhamiaji. Na mimi nikaletewa kwa WhatsApp. Nilikuwa najua stori za kukimbia yule mtu wa kuleta makaratasi ya korti, kwamba asipokugusa nayo haihesabiki, hiyo ni ya zamani, tangu 2020 kanuni zinakubali hati kutumwa kwa mesiji. Nikafungua. Tiki mbili za bluu. Mimi, fundi wa simu, mtu hulipwa mia moja kuonyesha watu venye tiki za bluu zinazimwa, sikuwa nimezima zangu. Picha ya hizo tiki nilikuja kuiona kwa afidaviti imechapishwa kwa rangi.

Nikashikwa na baridi. Ndugu yangu mkubwa ana duka Tororo, Uganda, nikampigia. Akaniambia, "Mlete huku. Hiyo karatasi ya Nairobi inaishia kwa geti ya Busia."

Na mnajua nini, hakuwa anadanganya sana. Kuna mkataba wa kimataifa wa 1980, ule wa Hague, wa kurudisha watoto waliovushwa mpaka na mzazi mmoja. Nchi zikiwa zote ziko ndani, ukivusha mtoto nchi ya pili inamrudisha kule alikuwa anaishi, kesi ya nani alee inaendelea huko. Kenya haimo. Uganda pia haimo. Kwa hivyo ningevuka na Boi, Mama Boi angelazimika kutafuta wakili wa Uganda aanze upya kwa korti ya huko, na nauli, na pa kulala, na mimi nikisikia tu anakuja nahama Tororo naenda Mbale. Mama wa kuuza mitumba Utawala hiyo kesi angeipigana na nini? Ndio maana ile sentensi moja ya "asitolewe Kenya", ikifikishwa uhamiaji mapema, ni ya maana kuliko mtu anavyofikiria. Pale mpakani Busia kwa njia halali wangeniuliza karatasi za mtoto na idhini ya mama. Lakini mtu wa Busia unajua kuna njia za panya, kuna boda anakupitisha nyuma ya mashamba ya miwa na hakuna mtu anakuuliza jina.

Ijumaa ya wiki hiyo nikapanda bas. Asubuhi nikafika na boda wangu tayari, nimempanga kutoka Bumala. Nikamwambia Boi aweke vitu kwa begi. Akaweka haraka sana, yaani begi ilikuwa karibu tayari. Akatoka mbio ameshika kile kitabu mkononi. "Tunaenda kurudisha?"

Kukhu alikuwa amekaa kwa mlango kwa kile kistuli chake, anachambua njugu. Hakusimama. Akaniuliza tunaenda wapi, nikasema mjini. Akasema, "Mjini Busia ama mjini kwa ndugu yako?" Kumbe alikuwa anajua kila kitu siku nne tayari. Boi alikuwa amemwambia mama hayuko Saudi, na namba ya mamake anaijua kwa kichwa, Mama Boi alikuwa amemfundisha kama wimbo tangu nasari, na Kukhu akaenda kwa jirani wakapiga. Hao wawili walikuwa wanaongea kila jioni, mimi niko Luthuli najiona komando.

Akaniambia, "Huyo msichana ameniita mama. Nimemwambia mtoto wake amekula, amelala. Sasa kesho akipiga nimwambie nini?"

Nikaanza kumuelezea mambo ya katiba. Kifungu cha 53, mama yangu, anachambua njugu. Akaningoja nimalize. Akasema, "Wewe nilikuzaa nikakulea. Sikukuiba mahali."

Ningependa kusema hapo hapo nilibadilika. Wapi. Nilikaa chini ya mwembe nimenuna mpaka saa saba, napiga hesabu ya venye naweza kumpita, na yule wa boda anakuja kila nusu saa, "Boss tunaenda ama hatuendi, mafuta inaisha." Mwishowe nikampa mia mbili ya kungoja akaenda. Sijawahi kulipa nauli ya kwenda popote iliyonisaidia kama hiyo.

Jumatano usiku tukapanda bas watatu, mimi, Boi na Kukhu ambaye alikataa kata kata tumwache nyuma. Alhamisi asubuhi tuko Milimani, Boi na ile sweta ya maruni, imepauka, mkono mmoja umefumuka. Siku arobaini na moja.

Mama Boi alikuwa kwa benchi ya korido. Nilifikiri Boi atakimbia kwake. Hakukimbia. Alisimama katikati, akaniangalia mimi, akamwangalia mama, kama mtu anangoja kuambiwa imeruhusiwa. Ni Kukhu alimsukuma mgongoni.

Hakimu hakunifokea. Aliniuliza tu oda niliipata lini, nikataka kusema juzi, nikakumbuka zile tiki. Akanieleza kudharau korti ni nini na kwamba sababu pekee nimesimama hapo na si kwa seli ni kwamba nimekuja na mtoto. Boi akarudi na mamake siku hiyo hiyo. Mimi nikapewa miezi mitatu ya kumuona chini ya macho ya ofisa wa watoto, na ofisa akaambiwa aandike ripoti, atembelee nyumba zote mbili, aende shule.

Hiyo ripoti nilipewa kopi. Kurasa sita. Kuna kurasa moja sikuitarajia. Ofisa alikuwa amekagua daftari za Boi, na nyuma ya ile ya hesabu akapata mistari ya penseli, imepangwa tano tano, jumla ishirini na saba, na chini Boi ameandika 270 akaizungushia duara. Ofisa alimuuliza ni nini. Ni deni la laibrari. Kila siku ya shule iliyopita alikuwa anaongeza mstari, Jumamosi na Jumapili hahesabu juu laibrari haifunguliwi. Wakili wangu, nilikuwa nimetafuta wa bei rahisi, aliisoma akaifunga faili akaniambia, "Mzee, tusijibu hii."

Zile ziara za miezi mitatu ni chumba kidogo, viti vya plastiki, katoni ya vidude vya kuchezea na gari halina tairi. Boi alikuwa anakaa upande wa mlango. Nikimuuliza kitu anasema "niko sawa". Zamani alikuwa ananiita Dadi, sasa hakuwa ananiita kitu, anaanza tu sentensi. Mama Boi akaniambia nyumbani pikipiki ikisimama nje anazima tivi ananyamaza, na viatu analala navyo karibu na kitanda. Sikuwa nimempiga mtoto. Sikumnyima chakula. Kukhu alimlea kama yai. Mtu wa nje angeangalia angesema hakuna kitu alifanyiwa.

Kitu inaniuma zaidi ni kwamba kesi ningeishinda. Ama si kushinda, lakini kile nilikuwa nataka ningekipata. Hii Sheria ya Watoto mpya, ya 2022, ilianza kutumika Julai ya mwaka huo ikaondoa ile ya 2001, na kwa ile ya zamani baba ambaye hajaoa alikuwa nyuma, wajibu ulianzia kwa mama. Sasa uko sawa tangu mwanzo, na korti inaweza kutoa malezi ya pamoja. Kuhama bila kuniambia na kuniblok kungemfanya Mama Boi ajibu maswali, na hata aliulizwa, hakimu alimwambia mbele yangu kwamba pesa ya matumizi na mtoto kumuona baba ni vitu viwili, baba akikosa kulipa unamshtaki kwa kutolipa, humnyimi mtoto. Na mimi nikaambiwa upande wa pili wa hiyo, kwamba hata ukinyimwa kumuona unalipa tu. Ningeenda Januari na ile stori ya viatu kwa geti, hakimu angenisikia. Nilienda Machi kama mtu ameleta mali ya wizi. Wanaume wakiniambia korti ni za akina mama mimi huwa nanyamaza, sijui, sikuwahi kuijaribu nikiwa na mikono safi.

Mama Boi ndugu zake walitaka kuja Bumala na probox wamchukue Boi kwa nguvu. Wakili alimkataza, akamwambia mkimnyang'anya na nyinyi mtakuwa wawili mmeiba, na mtoto atakuwa ameibwa mara mbili. Akakubali. Pia alikataa kuweka picha yangu Facebook, alisema siku moja Boi ataisoma. Mimi kwa nafasi yake ningeweka.

Tulimaliza kwa upatanishi, tukaandika makubaliano, korti ikayafanya oda. Wikendi moja kwangu moja kwa mama, likizo tunagawa nusu, pasipoti hakuna mtu anaomba bila mwingine kuweka sahihi, kuhama unatoa notisi ya mwezi. Shule ilipewa kopi, na sasa wana karatasi ya watu watatu wa kumchukua Boi na picha zao. Mimi ni wa tatu. Soja ni yule yule, siku ya kwanza nilipoenda aliangalia picha, akaniangalia, akaangalia picha tena, hakusema umepotea.

Kitabu nilikirudisha mimi mwenyewe. Mwalimu wa laibrari alikuwa anajua stori akasema hakuna deni, tumesamehe. Boi alikuwa amesimama nyuma yangu, akanivuta shati. Nikalipa 270, akangoja mpaka risiti ikaandikwa, akaikunja akaiweka kwa soksi.

Hii wikendi ilikuwa yangu. Ana miaka kumi na moja sasa, tulienda Uhuru Park kuona zile bata, akala chipo mwitu nyingi akaumwa tumbo. Kabla hatujapanda matatu pale steji ya Utawala Ijumaa aliniuliza kama kawaida yake, "Jumapili tunarudi saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja. Akatoa kalamu akaandika kwa kiganja, 5.00. Jumapili tulikuwa kwa geti ya mamake saa kumi na nusu, akaangalia mkono, akasema bado, tukakaa kwa jiwe la nje tukangoja.